Ufashisti kwenye Kamba ya Nguo

Tangu mniingize kwenye kikundi chenu cha simu nimekuwa nikisoma na kunyamaza. Nimesoma maombi, michango ya harusi, matangazo ya mazishi, na yule mmoja wenu anayetuuzia dawa ya mba kila Jumatatu kana kwamba sote tuna mba. Lakini juzi mmebishana kama ufashisti ni wa mrengo wa kushoto au wa kulia, mkatukanana hadi msimamizi akafunga kikundi, na mimi niliyewafundisha Historia na Serikali nikaona aibu. Matusi hayakunisumbua, mengine mlitunga vizuri. Kilichonisumbua ni kwamba wengi wenu mlikaa mbele yangu, mkaishika ile kamba kwa mikono yenu, na bado mnaandika upuuzi.

Basi nisikilizeni. Nimestaafu, niko Yamumbi na kuku wangu, na hakuna kengele ya kuniambia nimalize.

Nilipoanza kazi kule Chepsaita nilikuwa na cheti kipya, viatu vya kisigino visivyofaa matope ya Turbo, na imani kwamba mchoro mzuri ubaoni humaliza kila kitu. Siku ya kufundisha mirengo ya siasa nikawachorea wanafunzi Bunge. Nikawaeleza kwamba maneno haya ya kushoto na kulia yalianzia Ufaransa, kwenye baraza la wakati wa mapinduzi: waliotaka mfalme abaki na nguvu zake walikaa kulia kwa mwenyekiti, waliotaka apunguziwe wakakaa kushoto. Ili waelewe haraka, nikawaambia wafikirie Bunge letu na namna watu wanavyokaa pande mbili za Spika.

Mnajua walichoelewa? Kwetu serikali hukaa kulia kwa Spika na upinzani kushoto. Darasa zima likaandika kwamba mrengo wa kulia ni kuwa serikalini, na mrengo wa kushoto ni kukosa. Wafashisti wakawekwa kulia kwa sababu walishika serikali. Wakomunisti wa Urusi nao wakawekwa kulia, kwa sababu hiyo hiyo. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mtu anaweza kulala mkomunisti akaamka mfashisti, mradi usiku huo ateuliwe waziri. Nilimpa sufuri. Kisha nikaketi nikazifikiria siasa za nchi hii, nikamrudishia alama moja.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Mwalimu Kamau. Mliomjua mnamkumbuka na ile sweta yake ya kijivu, jua liwe la kukausha mahindi au mvua iwe ya kubomoa madaraja. Alitoka Mkoa wa Kati akiwa kijana, akaletwa kufundisha Chepsaita, akapapenda, akabaki. Alipostaafu alifungua duka la vitabu na kalamu hapo hapo sentani, penye maduka ya Chepsaita, na bado analo. Siku ile alisoma majibu ya darasa langu akicheka kwa mabega tu, bila sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Madam Jerotich," akaniambia, "wewe umefundisha viti. Kesho tutafundisha watu. Kuja na vibanio vya nguo."

Kesho yake akaja na kamba ya kuanikia aliyoifungua nyuma ya nyumba yake. Mke wake alinuna wiki nzima kwa sababu nguo zilianikwa kwenye ua wa miti na mbuzi akala kola ya shati. Akaifunga kwenye nondo ya dirisha upande mmoja, na kwenye msumari wa ubao upande wa pili. Kila mwanafunzi akapewa karatasi: mfalme, chama cha wafanyakazi, mwenye shamba kubwa, mkomunisti, mfashisti, na kadhalika. Kazi ilikuwa kubana karatasi yako mahali pake na kueleza kwa nini.

Shikeni hapa, kwa maana ndipo wengi wenu hupotea. Swali la kwanza la Mwalimu Kamau halikuwa la pesa, wala la serikali kubwa au ndogo. Lilikuwa hili: huyu mtu anaona watu wanafaa kukaribiana kuwa sawa, ama anaona ni haki na ni kawaida wengine wakae juu ya wengine? Anayetaka kupunguza ile ngazi anaenda kushoto. Anayetaka kuilinda ngazi, awe na sababu nzuri au mbaya, anaenda kulia. Si kipimo kamili. Ni kamba ya nguo, mlitarajia nini.

Na kuwa kulia si dhambi. Baba yangu mzazi alikuwa wa kulia kabisa. Alitaka kanisa libaki kama lilivyokuwa, wazee wasalimiwe kwanza, shamba lisigawanywe, na alikataa mbegu mpya ya mahindi hadi majirani wote walipokuwa wamevuna mara mbili yake. Hakumpiga mtu hata siku moja. Kama angesikia mnamwita mfashisti angewapa maziwa mnywe, kisha awaombe mwondoke.

Sasa, kulikuwa na mvulana mmoja, Kibet. Mama yake alipanga chumba Huruma, huku mjini, lakini kwao hasa ni Chepsaita, kwa hiyo akasomea kule bwenini. Mtoto mwenye akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mwalimu Kamau alimfanya mtunza vibanio. Alivibeba kwenye mkebe wa kakao, akavihesabu kabla na baada ya somo, na ole wako uondoke na kimoja. Nilimpenda huyo mtoto. Nasema waziwazi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa mengine. Walimu husema hawana wanafunzi wanaowapenda zaidi, na huwa tunadanganya.

Karatasi ya mfashisti ilimwangukia Kibet. Akasimama, akaibana kushoto, karibu na mkomunisti, akageukia darasa kama wakili.

"Mwalimu, hawa watu ni wa left. Wale wa Ujerumani, jina ya chama yao ilikuwa na 'socialist' ndani. Na serikali ndio ilikuwa inaambia kiwanda itengeneze nini. Hiyo ni left, hakuna kingine."

Darasa likapiga makofi. Hata mimi, nikiwa nyuma, mkono ulitaka kupiga. Ndiyo hoja ile ile mliyoiandika juzi kwa herufi kubwa, kwa hiyo msidhani mmeibuni nyinyi.

"Kibet," akasema Mwalimu Kamau, "likizo unakaa wapi?"

"Huruma."

"Landlord wenu amewahurumia lini?"

Darasa likacheka. Kibet naye akacheka. "Huyo, Mwalimu? Huyo ukichelewesha rent anatoa mlango anaenda nayo."

"Na estate inaitwaje?"

Mwalimu Kamau akaketi juu ya dawati, akaanza kuuliza maswali ambayo nimeyatumia maisha yangu yote, na ningependa myatumie hata kwa watu wasiovaa sare. Usisome bango, uliza hawa watu walimpiga nani kwanza. Walianza na viongozi wa wafanyakazi, wajamaa na wakomunisti. Ofisi zao wakazivunja na magazeti yao wakayachoma. Nani alilala usingizi mzuri wakati huo? Wenye viwanda wengi na wenye mashamba makubwa, ambao waliona afadhali hawa kuliko migomo. Serikali iliwaambia watengeneze nini, ndiyo, lakini viwanda vilibaki vyao na faida ikabaki yao. Na walihubiri usawa? Hapana. Walihubiri taifa moja lililo juu ya mengine, damu moja iliyo juu ya nyingine, na kiongozi mmoja juu ya wote.

"Lakini yule Mwitaliano aliyeianzisha alikuwa msoshalisti," Kibet akasema. Alikuwa amesoma, siwezi kumnyima.

"Kweli alikuwa. Halafu wakamtoa kwa chama. Mtu akifukuzwa kwaya, akirudi na mawe kupiga wanakwaya, bado ni mwimbaji?"

Kibet akakiondoa kibanio, akakisogeza kulia polepole, akisimama njiani kama mtu anayengoja rufaa, hadi karatasi ikagusa nondo ya dirisha. Hapo ndipo ufashisti ulipo, wanangu. Kulia, mwisho wa kamba. Wasomi wengi wanauweka hapo, na wachache wanaobisha wana sababu zao, nami nitawatajia moja yenye maana: ufashisti wenyewe ulipenda kusema hauko kulia wala kushoto, uko juu ya hayo yote. Uliokota vitu kila mahali. Gwaride na ahadi kwa wafanyakazi uliokota kushoto, hofu ya mageuzi uliokota kulia, na sare sijui uliokota wapi. Lakini kiungo chake kikuu kilikuwa ngazi. Kulikuwa na wetu, na kulikuwa na wasio wetu.

Kila mwaka alitokea mjuaji wa kusema kamba si nyoofu, imepinda, na ncha zake zinakutana. Kwetu mjuaji huyo alikuwa msichana mkimbiaji. "Mwalimu, ni kama track," akasema. "Ukikimbia left sana, unapatana na wa right huko nyuma."

"Kwa track," Mwalimu Kamau akamjibu, "kila mtu anakata kushoto, na hakuna mkomunisti hata mmoja."

Baadaye, kengele ilipolia na wengine wakatoka, alimwita yule msichana akamwambia hakukosea kabisa. Mkomunisti naye alijenga magereza, naye aliua. Aliyefungwa humo hakuuliza ufunguo umeshikwa na mkono wa kushoto au wa kulia. Kwa hiyo mnaposogeza kibanio cha mfashisti kwenda kushoto ili upande wenu uonekane msafi, mnafanya kazi ya bure. Kila upande una nguo zake chafu, na kila mtu afue zake.

Hilo ndilo somo. Sasa niwaambie kwa nini nimevunja kimya changu, maana haikuwa dawa ya mba.

Mnajua Kibet anatafuta kiti cha uwakilishi wa wadi. Mabango mmeyaona. Miezi michache iliyopita alikuja kwangu Yamumbi na gari la kukodi, sukari, unga, na mafuta ya kupikia, akawasalimia hata kuku.

"Madam, habari ya siku mingi. Nakuhitaji. Watu wa Chepsaita wanakuheshimu. Njoo tu useme mbili tatu kwa mkutano."

Nilifurahi. Mwalimu ni nani asifurahi mwanafunzi wake akija na gari? Nikamuuliza atawafanyia nini watu. Akataja barabara, maji, basari za wanafunzi, kama wote. Kisha akasogeza kiti.

"Na hizo maduka za sentani, Madam. Ziko kwa ardhi ya kaunti. Tukichukua kiti, zinarudi kwa wenyewe. Vijana wetu wako idle na watu wa kutoka huko wanauza."

"Wenyewe ni akina nani?"

"Madam, si unajua. Watu wetu."

Nilijua. Mimi ni wa watu wetu, wa kabila lake, kwetu ni kilima kile kile cha kwao. "Na Mwalimu Kamau?" nikamuuliza.

Hakusita hata kidogo. "Huyo ni exception."

Nilimtazama, nikamwona yule mtoto wa mkebe wa kakao, na moyo ukaniuma kweli. Kila mmoja wetu ana wa kwake wa kumwondoa kwenye hesabu: mwalimu wake, mkunga wake, fundi wa gari lake. Ukijumlisha hawa wote unapata sentani nzima. Lakini ruhusa ya kubaki ya namna hiyo hutolewa na mtu, na mtu aliyekupa leo huamka kesho na hasira nyingine. Mwalimu Kamau amefundisha watoto wa kilima kile kizazi baada ya kizazi. Hakuhitaji kuwa wa kipekee ili awe na duka.

Ningemwambia palepale. Badala yake nikasema nitakuja. Kibet akadhani ni kwa sababu ya sukari.

Mkutano ulikuwa mchana, siku ya soko, kando ya barabara, jukwaa likiwa ni lori limefunguliwa ubavu. Vijana wake walikuwa wamepangwa pande zote, wote na fulana za rangi ya kahawia. Nilimuuliza mmoja nani aliyechagua rangi hiyo, ile ile ya sare za wafashisti wa Ujerumani. Akaniambia ndiyo iliyokuwa bei rahisi. Nilitaka kucheka na nilitaka kwenda nyumbani.

Ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa duka lake, Mwalimu Kamau alikuwa amesimama na sweta yake. Hakuwa amefunga. Maduka mengine ya upande ule yalikuwa yamefungwa.

"Huyu ndiye alinifundisha!" Kibet akapaza sauti. "Makofi kwa Madam!"

Nikapewa kipaza sauti. Nikafungua mkoba, nikatoa kamba. Kibet akacheka kwa furaha ya kweli. Alidhani nimekuja kumkumbusha utoto. Nikawaomba vijana wawili wa kahawia wapande waishike, mmoja kila ncha, nao wakaishika kwa adabu kama wanaobeba shela la bibi harusi. Mama mmoja wa viazi akauliza tunaanika nini. Watu wakacheka, na hofu yangu ikapungua kidogo.

"Kibet," nikasema, "darasani ulijua kupanga wengine. Leo jipange mwenyewe. Uko kulia ama kushoto?"

Akachukua kipaza sauti, na kwa hilo ni hodari. "Mimi siko right! Siko left! Mimi niko na watu wetu!"

Lori likatikisika kwa makofi. Nilingoja yaishe. Kisha nikampa karatasi moja na kibanio kimoja. Karatasi ilikuwa imeandikwa Mwalimu Kamau, nikaisoma kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Basi huyu mweke mahali unataka. Kulia, kushoto, katikati. Yuko pale ng'ambo, anakuona."

Watu wakageuka kutazama ng'ambo. Wengi wao walisomeshwa na yule mzee. Kibet alisimama na kibanio mkononi. Mbele yake kulikuwa na kamba ndefu yenye nafasi tele, na angeweza kukibana popote. Neno lake la kwangu Yamumbi, lile la "exception", hakuweza kulisema pale, kwa sababu waliomzunguka walikuwa wameahidiwa maduka yote, na kila mmoja alikuwa ameshahesabu lake. Kumweka Mwalimu Kamau popote kwenye kamba kulikuwa kusema mbele ya watu kwamba ni mmoja wetu, na duka lake linabaki lake. Na kusema si wetu, huku mzee mwenyewe anamtazama, hilo nalo lilimshinda.

"Mweke basi!" mama wa viazi akapiga kelele. Wanawake wa soko wakaidaka. "Mweke! Mweke!"

"Mama, keti chini!" mwanamume mmoja akafoka. "Umekula pesa ya nani?"

Kibet akatabasamu, akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni pamoja na kibanio. Msiniulize ni mfuko wa upande gani. "Tutaongea, Madam," akasema, na muziki ukafunguliwa hadi chini ya miguu yangu mbao zikanguruma. Wale vijana wawili walibaki wameshika kamba, hawajui waiache ama wacheze.

Nilivuka barabara. Nilikuwa nalia, sitaficha, na nilikuwa na hasira ya kupasua chungu. Mwalimu Kamau alinipa kiti.

"Umepoteza peg nzuri," akasema. "Hizo za mbao hazipatikani siku hizi."

"Unaogopa, Mwalimu?"

"Naogopa sana," akasema, akiwa anamuuzia mtoto wa mtu kifutio na penseli. "Lakini shule zinafunguliwa wiki ijayo. Wakikuja kununua vitabu nikiwa nimefunga, watasoma na nini?"

Tangu siku ile Kibet hajanipigia. Maneno ya maduka hayapo tena kwenye hotuba zake, nasikia anasema tu mambo yatarekebishwa, na watu wake wanaelewa wanavyotaka. Fulana bado zipo. Wengine kilimani hawanisalimii. Kura bado haijapigwa, na wengi kwenye kikundi chenu mnapiga kura wadi ile.

Kwa hiyo endeleeni kubishana, mimi jibu langu mmelipata. Ila wiki hizi atapita kwenu, atawapa fulana, atawaambia hayuko kulia wala kushoto. Msibishane naye. Mwombeni tu atoe kile kibanio mfukoni, mpeni kamba, na mngoje mwone anakibana wapi.